UZI: Kichadi ya tango na pachadi nyingine za Kerala (mboga, nazi, mtindi): vipimo, hatua na kwa nini mtindi hukatika

Mkunanazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, ule uzi wa biriani umegeuka uzi wa mtindi, kwa hiyo mjadala nauhamishia huku. Wengi waliuliza kuhusu ile mboga ya mtindi na nazi inayoliwa pembeni ya wali kusini mwa India. Naweka ya Kerala, kichadi ya tango. Ukishaimudu hiyo, nyingine nyingi ni kubadilisha mboga tu.

Tuelewane mapema kwamba hii si raita. Raita ya kaskazini ni mtindi, mboga mbichi, chumvi na bizari kidogo, basi. Hii ya Kerala ina nazi iliyosagwa, ina haradali mbichi iliyopondwa, na mwishoni humwagiwa mafuta ya moto yenye viungo. Mboga yenyewe karibu kila mara huonjeshwa moto kwanza.

Mahitaji ya watu wanne hadi sita:

- tango gramu 300, limemenywa, limetolewa mbegu, limekatwa vipande vya nusu sentimita
- mtindi mzito usio na sukari, kikombe kimoja (ml 250)
- nazi iliyokunwa, nusu kikombe (kama gramu 45)
- pilipili mbichi 3
- bizari nyembamba (jira), robo kijiko cha chai
- haradali nyeusi ya kuponda, nusu kijiko cha chai
- maji robo kikombe, na chumvi

Ya kumwagia juu: mafuta ya nazi kijiko kimoja cha mezani, haradali nusu kijiko cha chai, pilipili kavu 2, majani ya kari 8 hadi 10.

Tango liende motoni na maji, pilipili moja iliyopasuliwa na robo kijiko cha chai cha chumvi. Funika, moto wa wastani, dakika tano hadi saba. Unataka vipande vianze kuonyesha mwanga lakini bado vikatike kwa jino. Maji yanayobaki chini yasizidi vijiko viwili vya mezani. Yakizidi, funua na uongeze moto yakauke, maana kila tone linalobaki hapo litaenda kuupooza mtindi.

Wakati huo saga nazi, pilipili mbili zilizobaki na jira kwa maji vijiko vitatu vya mezani. Isagike hadi ukiipikicha kwa vidole usihisi chenga. Mimina kwenye tango, koroga kwa moto mdogo dakika mbili au tatu hadi harufu ya nazi mbichi ipungue. Mvuke ukianza kupanda, ipua. Usingoje mapovu.

Hapo ndipo wengi huharakisha. Subirini. Sufuria ipoe hadi uweze kutia kidole na kukiacha ndani ukahesabu hadi kumi, ambayo ni kama nyuzi 45. Piga mtindi kwa uma mpaka usiwe na mabonge, changanya na haradali iliyopondwa, ndipo uumimine kwenye tango. Onja chumvi sasa, si kabla.

Mwisho, pasha mafuta ya nazi, tia haradali, ikipasuka yote tia pilipili kavu, kisha majani ya kari, na mara moja mwaga juu ya kichadi. Majani yawe makavu kabisa, yakiwa na maji mafuta yatakurukia usoni.

---

HaradaliNyeusi

Uzi umenyooka, mkuu. Naongezea kwenye haradali, kwa sababu hapo ndipo kichadi inapoachana na kachumbari ya mtindi.

Mbegu nzima ya haradali ukiitafuna haraka huoni ukali mkubwa. Ukali huzaliwa mbegu inapopasuka na kulowana: kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani ya mbegu hukutana na sinigrini, kemikali iliyomo kwenye haradali, na hapo hutoka kile kitu kinachopanda puani. Kuna mambo matatu ya kufanyia kazi.

La kwanza, joto hukiua kimeng'enya. Haradali iliyopondwa ukiitupa kwenye sufuria inayochemka utabaki na uchungu bila ukali. Ndiyo maana Mkunanazi kaiweka kwenye mtindi baada ya kuipua. Wako wanaoisaga pamoja na nazi na kuipasha kidogo, si kosa, ila ladha huwa ya upole zaidi.

La pili, isisagike unga. Ponda kwenye kinu kidogo mapigo sita au saba, kila mbegu ivunjike vipande viwili vitatu. Blenda ikizunguka sana huleta joto na kutoa uchungu wote wa ganda. Kama huna kinu, weka mbegu kwenye mfuko wa nailoni mgumu na uzisukume kwa chupa.

La tatu, ipe muda. Baada ya kuponda nyunyizia maji baridi kijiko cha chai, iache dakika kama tano hadi kumi, ndipo uichanganye. Ukiitumbukiza papo hapo kwenye mtindi, ile asidi huupunguza kasi ukali kabla haujakomaa.

Tumia nyeusi au ya kahawia, ile ndogo. Ya njano ni kubwa na ni pole. Unga wa haradali wa kopo ni bora kuuacha kabisa, maana huifanya kichadi yote iwe ya njano na ladha ya mchuzi wa soseji.

---

MlaWali

Samahani wakuu, kichadi si ule wali uliopikwa na choroko kama bokoboko? Nikitafuta mtandaoni naletewa wali tu.

---

BintiMuskati

Huo wa wali ni wa kaskazini na Gujarat, ndugu yangu, na ndiyo unaojulikana sana Afrika Mashariki. Cha Kerala ni kitu kingine kabisa, jina tu limefanana. Ukitafuta andika *vellarikka kichadi* (ya tango) au *beetroot kichadi*, utakipata.

Na majina huko kusini yanachanganya kweli. Huku Muscat, ambako watu wa Kerala ni wengi, ukiagiza pachadi kwenye mikahawa miwili unaweza kuletewa vitu viwili tofauti. Upande wa kusini wa Kerala kwa kawaida *kichadi* ni ya chumvi na ukali: tango, bamia, bitiruti, karela. *Pachadi* ni ile yenye utamu: nanasi, embe bivu, boga. Ukipanda kaskazini mwa Kerala mstari huo hufifia, na hata ya tango huitwa pachadi.

Tamil Nadu wana *thayir pachadi*, hiyo ipo karibu zaidi na raita: mboga mbichi au ya kukaanga, mtindi, nazi kidogo au bila nazi kabisa. Ila ile pachadi ya embe ya mwaka mpya wao wa mwezi Aprili haina mtindi hata tone. Ina embe bichi, sukari guru na maua ya mwarobaini wa Kihindi.

Andhra na Telangana neno pachadi peke yake maana yake chatine nzito ya kusaga. Ya mtindi huitwa *perugu pachadi*. Karnataka ya mtindi huitwa *mosaru bajji*, na wana *tambuli*, ambayo ni nyepesi ya kunyweka: majani au uwatu uliokaangwa kidogo, vinasagwa na nazi na kuchanganywa na maziwa ya mgando yaliyopunguzwa kwa maji.

Kwenye sadya, karamu ya jani la mgomba ya sikukuu ya Onam huko Kerala (mwezi wa Chingam, yaani Agosti au Septemba), kichadi na pachadi huwekwa sehemu ya juu ya jani pamoja na achari, kijiko kimoja kimoja. Ncha nyembamba ya jani huwa upande wa kushoto wa mlaji. Kwa hiyo ionjeni kama kitu cha kula kidogo kidogo na wali: ikiwa pole kiasi cha kuliwa bakuli zima kama supu, ujue chumvi na haradali hazijafika.

---

JikoniNairobi

Uzi safi. Maswali matatu:
1. Maziwa mala ya dukani yanafaa au lazima yogati?
2. Nazi ya pakiti iliyokaushwa?
3. Blenda kubwa haishiki nusu kikombe cha nazi, inarusha tu ukutani. Mnafanyaje?

---

Mkunanazi

Naanza na la pili na la tatu, la mtindi namwachia mwenye nalo.

Nazi iwe imekomaa lakini bado ina maji ndani. Koroma ni laini, ukiisaga unapata majimaji yasiyo na mafuta na kichadi inakosa mwili. Mbata nayo mafuta yake yameshageuka, na harufu ile haifichiki kwenye chakula kisichopikwa sana. Kwenye mbuzi, kuna hadi unapoanza kuona wekundu wa ganda la ndani, ukomee hapo. Hiyo kahawia ikiingia kichadi inakuwa ya kijivu, na kwenye chakula cheupe kijivu kinaonekana hata kwa taa ya koroboi.

Ya pakiti inakubalika ikiwa haina sukari. Loweka nusu kikombe kwenye maji ya uvuguvugu vijiko vinne vya mezani kwa dakika 20, kisha isage na maji yake hayo hayo. Ile ya kugandishwa, iliyokunwa ikiwa mbichi, ni bora kuliko ya kukaushwa, ila iache iyeyuke kabisa. Nazi yenye barafu haisagiki laini.

Tui halifai hapa. Jamaa wengi wa pwani mkono unakwenda kwenye tui wenyewe, lakini kinachoshikilia mtindi ni chicha iliyosagika, sio maji ya nazi. Ukitia tui unapata mchuzi mwepesi.

Kuhusu blenda: tumia kile kijagi kidogo cha kusagia viungo. Kama huna, saga nazi ya vikombe viwili pamoja na pilipili zake, gawa mafungu manne, ugandishe matatu. Hukaa mwezi bila shida. Au jiwe la kusagia, ambalo kwa kazi hii linaishinda blenda, nazi inatoka laini bila kupata moto.

---

MgandoHalisi

Kuhusu mtindi.

Unaotakiwa ni mzito, wa maziwa yasiyotolewa mafuta, mchachu kidogo. Ule wa siku moja kwenye friji ni mzuri kuliko ule ulioganda asubuhi ya leo, ambao bado hauna uchachu wa kutosha kukabiliana na nazi. Uliopitiliza, wa siku nne tano, utashindana na haradali na wote wawili watapoteza.

Maziwa mala yanafaa ukiyachuja. Bakteria wake huganda kwenye joto la chini na hutoa gandi laini linalomiminika, si la kukatika kwa kijiko. Mimina kwenye kitambaa cha pamba juu ya bakuli, saa moja na nusu hadi mbili, ndani ya friji. Ml 400 hukupa karibu kikombe kimoja kizito. Soma lebo kwanza: mengine yametiwa sukari, na yenye ladha ya vanila hata usijaribu.

Yogati nzito ya mtindo wa Kigiriki ina tatizo la upande wa pili. Robo tatu ya kikombe chake iongeze robo kikombe cha maji baridi na uipige, vinginevyo kichadi itasimama kama saruji ikipoa.

Kutengeneza nyumbani: chemsha maziwa lita moja, yaache moto mdogo dakika kumi huku ukikoroga (zaidi ya nyuzi 85 protini za maji ya maziwa hubadilika na kusaidia gandi liwe zito), yapoze hadi nyuzi 43 hivi, tia mtindi wa jana kijiko kimoja cha mezani, funika na usiguse. Kwenye joto la Dar au Mombasa saa sita hadi nane zinatosha. Nyanda za juu ufunge sufuria kwa blanketi au uiweke kwenye oveni iliyozimwa.

---

MlaWali

Na mtindi ukishakatika, ukawa vipunje na maji ya kijani pembeni, kuna kuuokoa?

---

MgandoHalisi

Kuurudisha hakuna. Protini ya mtindi tayari imeshikana kwa asidi kama wavu uliobeba maji. Ukiupasha, wavu hujikaza na kuyakamua maji nje. Ukishajikaza haufunguki tena.

Unachoweza ni kuugeuza. Ongeza manjano robo kijiko cha chai, nazi iliyosagwa kidogo, unga wa mchele kijiko kimoja cha chai uliokorogwa kwa maji, usage kila kitu na kuupasha polepole. Unapata mchuzi wa mtindi wa kumwagia wali. Sio kichadi, lakini chakula kitaliwa.

Kuzuia ni rahisi zaidi:
Mtindi usitoke friji moja kwa moja, ukae nje nusu saa. Tofauti ya baridi na moto ikiwa ndogo, hatari inapungua.
Usiwe wa kutolewa mafuta. Mafuta hukaa kati ya protini na kupunguza kasi ya kushikana.
Tia kijiko kimoja cha mboga ya uvuguvugu kwenye mtindi kwanza, koroga, ndipo urudishe wote sufuriani.
Na ukishachanganya usirudishe motoni hata "kidogo tu ipate uvuguvugu". Kichadi huliwa ikiwa na joto la chumba.

Kosa jingine hufanana na kukatika lakini silo. Maji yakijitenga juu baada ya nusu saa na mtindi chini bado ni laini, hayo ni maji ya tango. Mboga haikukaushwa, au chumvi iliwekwa yote mwanzoni ikaendelea kuyavuta. Hiyo hurekebishwa kwa kuchota maji ya juu na kuongeza vijiko viwili vya mtindi mzito.

---

HaradaliNyeusi

Mboga nyingine, kwa vipimo vilevile vya mtindi na nazi:

Bamia, gramu 200. Osha, kausha kwa taulo, ndipo ukate. Bamia iliyokatwa ikiwa na maji huachia ute hadi kwenye ubao. Vipande vya nusu sentimita vikaange kwenye mafuta ya moto kama nyuzi 175 hadi viwe vya kahawia na vilie vikitikiswa kwenye chujio. Nazi na mtindi viandae pembeni, nazi ipashwe peke yake dakika mbili. Bamia iingie dakika tano kabla ya kula. Ikikaa saa nzima inalowa na ule ute uliofukuzwa unarudi.

Karela, gramu 150. Kata nyembamba mno, mbegu nje, paka chumvi nusu kijiko, dakika 20, kamua. Kaanga kwa mafuta ya nazi hadi ikaribie rangi ya kahawa. Karela iliyobaki kijani katikati ndiyo inayowafanya watu waape kutoigusa tena. Chumvi ya mwisho punguza, imeshanyonya.

Bitiruti, gramu 200. Ikune kwenye grata, maji robo kikombe, funika dakika nane hadi kumi, kisha funua yakauke. Ukiichanganya na mtindi inageuka waridi kali. Rangi hiyo inapendana na asidi ila haipendani na moto mrefu: ukiipika dakika 25 inaanza kwenda kahawia. Jira hapa usitie, inafunika utamu wake.

Nanasi, gramu 300, hii ndiyo pachadi tamu. Kata vipande vidogo, pika na manjano robo kijiko, chumvi kidogo na maji nusu kikombe kwa dakika 10 hadi 12. Tia sukari guru kijiko kimoja au viwili vya mezani kutegemea nanasi lenyewe, kisha nazi iliyosagwa na pilipili. Mtindi nusu kikombe tu. Wengi humalizia kwa zabibu mbichi chache. Nanasi LAZIMA lipikwe. Likiwa bichi lina kimeng'enya, bromelaini, kinachomega protini ya maziwa, na pachadi yako itakuwa chungu na majimaji ndani ya muda mfupi. Moto hukiua. La kopo limeshapashwa kiwandani, kwa hiyo ni salama, ila sukari guru iache.

Na kuhusu tango lenyewe: onja kipande kutoka kila tango, hasa upande wa kikonyo. Uchungu wa tango hauondoki kwa kupikwa wala kwa kusugua ncha hadi povu litoke. Chungu, tupa.

---

BintiMuskati

Bwana Haradali, kwenye jira tutagombana. Nyumba nyingi za Kerala hawatii jira kwenye kichadi ya tango kabisa. Haradali na jira kwenye sufuria moja ndogo ni kelele mbili. Ukitaka kuihisi haradali, acha jira.

Na wanaotia kitunguu mbichi juu: kwa chakula cha kila siku sawa, kwa sadya hapana. Pia kinaachia maji na harufu yake inatawala mtindi baada ya saa moja.

---

HaradaliNyeusi

Jira robo kijiko haigombani na mtu, dada. Ila kwenye tango nakubali inaweza kuachwa. Kwenye bamia na karela mimi siiachi.

---

JikoniNairobi

Ile ya Kitamil isiyopikwa, vipimo tafadhali? Wageni ni jioni, jiko moja tu na limeshikwa na pilau.

---

BintiMuskati

Tango gramu 250, likate vidogo au ulikune. Paka chumvi nusu kijiko cha chai, liache dakika 15 kwenye chujio, kisha likamue kwa mkono kama unavyokamua kitunguu cha kachumbari. Mtindi kikombe kimoja uliopigwa. Pilipili mbichi moja iliyokatwakatwa, tangawizi iliyokunwa nusu kijiko cha chai, dhania. Ukitaka nazi, vijiko viwili vya mezani vya iliyokunwa laini, bila kusaga.

Juu: mafuta vijiko viwili vya chai, haradali nusu kijiko. Ikianza kupasuka tia uradi (ile dengu nyeupe iliyomenywa) nusu kijiko. Sekunde 20 hadi 30 inakuwa ya dhahabu, tia majani ya kari na mvuje, ile hingi ya dukani kwa Wahindi, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili, na uzime. Uradi ukiingia pamoja na haradali huungua kabla haradali haijapasuka. Na mvuje ni kidogo kweli: ukizidi, chakula chote kinanuka dawa.

Haradali isiyopasuka ni ngumu na chungu mdomoni. Tupa mbegu moja kwenye mafuta kwanza. Ikizama kimya, ngoja. Ikiruka mara moja, tia zote na ufunike kwa kifuniko nusu.

---

FundiSinia

Kuna aliyeuliza faragha kuhusu shughuli ya watu 40. Hapo usizidishe kila kitu mara nane.

Tango kilo 2.4, mtindi lita mbili, nazi vikombe vinne (nazi mbili kubwa): hivyo vinazidishwa sawasawa. Lakini maji ya kupikia ni nusu kikombe tu, si vikombe viwili, kwa kuwa tango nyingi kwenye sufuria iliyofunikwa hujitolea maji yake. Pilipili mbichi 10 hadi 12, si 24. Haradali ya kuponda vijiko vitatu vya chai. Mafuta ya kumwagia vijiko vitano vya mezani, kwa sababu kazi yake ni harufu.

Hatari kubwa ya sufuria kubwa ni kwamba inahifadhi joto. Ile ya watu sita hupoa kwa dakika 15, hii itabaki ya moto katikati muda mrefu huku ukingo ukikudanganya kuwa imepoa. Imwage kwenye sinia mbili pana za chuma, kina kisizidi sentimita tatu, na upime katikati. Mtindi changanya ndani ya saa moja kabla ya kupakua. Mboga na nazi vinaweza kupikwa asubuhi vikae kwenye friji, na haradali iliyopondwa ije na mtindi.

Ikishachanganywa, kwenye joto la pwani isizidi saa mbili mezani. Nazi mbichi huharibika haraka kuliko mtindi, na ikichachuka ina harufu ya sabuni.

---

MlaWali

Inakaa friji siku ngapi? Na hapa Birmingham kila nikiiweka friji juu inakuwa na vidonge vyeupe vigumu.

---

Mkunanazi

Vidonge hivyo ni mafuta ya nazi. Chini ya nyuzi 24 hivi huganda, na friji ni nyuzi 4. Hakuna kilichoharibika, ila mdomoni vinakuwa kama nta. Kwa jiko la baridi fanya hivi: kichadi iende friji bila kumwagiwa mafuta, na viungo ukaangie siku ya kula. Au tumia mafuta ya alizeti kwa ile ya kuhifadhi, ukijua kuwa nusu ya harufu ya Kerala umeiacha dukani.

Siku moja, mwisho mbili, kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko. Siku ya pili haradali inakuwa imekolea zaidi na tango limelegea. Toa nje nusu saa kabla ya kula, koroga, ongeza kijiko cha mtindi ikiwa imekauka. Ya bamia na karela haihifadhiwi, kaanga upya.

Majani ya kari huko ukiyapata mabichi, nunua mengi, yakaushe maji kwa taulo na uyagandishe kwenye mfuko ukiwa umetoa hewa. Yatoke friza moja kwa moja hadi kwenye mafuta, ukisimama mbali kidogo. Ya kukausha hayana kazi hapa. Ukiyakosa kabisa, usiweke bay leaf wala dhania mahali pake: mwagia haradali na pilipili kavu peke yake.